Alishinda Kesi, Shamba Likabaki Kambini

Tarehe 23 Februari 1909, mfugaji wa ng'ombe kutoka milima ya Ufilipino aliishinda serikali ya wakoloni kortini. Na si korti ya mashinani. Ilikuwa Mahakama ya Juu ya Marekani, kule Washington, mbele ya majaji ambao labda hawakuwahi kusikia jina la kijiji chake. Mfugaji huyo aliitwa Mateo Cariño. Alikuwa akidai hekta 146 za malisho ya mababu zake. Majaji wakasema: shamba ni lake.

Hukumu hiyo bado inasomwa na mawakili wa jamii za asili. Lakini shamba lenyewe? Familia yake haikurudishiwa. Lilibaki ndani ya kambi ya jeshi la Marekani, na leo ukienda huko utakuta uwanja wa gofu, hoteli, na watalii wakipiga picha chini ya misonobari. Mji unaolizunguka unaitwa Baguio, na Wafilipino wengi wanaujua kama mahali pa kwenda kupoa joto la Manila likizidi. Hii ni historia ya mji huo, na ya swali ambalo Mkenya yeyote mwenye shosho anayegombania shamba analielewa: ukishinda kesi, umeshinda nini?

Hebu tuanze na ramani. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000, na kikubwa zaidi ni Luzon. Kaskazini mwa Luzon kuna safu ya milima inaitwa Cordillera, na Baguio imekaa kusini mwa safu hiyo, kama kilomita 250 kutoka Manila, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Sisi wa Nairobi tutacheka kidogo hapo, maana Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,800. Lakini Manila iko usawa wa bahari na joto lake si la mchezo, kwa hivyo kupanda Baguio ni kama mtu wa Mombasa kuletwa Limuru mwezi wa Julai. Siku nyingi joto linacheza kati ya nyuzi 15 na 23. Januari 1961 liliwahi kushuka hadi 6.3. Kuna misonobari, kuna ukungu, watu wanavaa masweta.

Na kuna mvua. Katikati ya Julai 1911, Baguio ilipokea milimita 1,168 za mvua ndani ya saa 24, na wakati huo hakuna mahali duniani palipokuwa pamerekodi mvua nyingi hivyo kwa siku moja. Hiyo ni mvua ya zaidi ya mwaka mzima wa Nairobi, imemwagika kabla hujaamka mara ya pili. Kumbuka jambo hili, kwa sababu mlima huo hauna subira na mtu anayejenga ovyo.

Kabla ya kuwa mji, mahali hapo paliitwa Kafagway. Wenyeji ni Waibaloi, moja ya jamii za milimani ambazo kwa pamoja huitwa Waigorot. Jina Baguio lenyewe linatokana na neno lao, bagiw, aina ya kuvumwani inayomea maeneo yenye unyevu. Walilima, wakafuga ng'ombe, wakachimba dhahabu na kushuka nayo kuiuza kwa watu wa nyanda za chini. Wahispania walitawala Ufilipino kwa zaidi ya miaka 300, lakini milima hii iliwatoa jasho. Walipanda na askari wakitafuta dhahabu, wakarudi. Ni katika karne ya 19 tu ndipo walipoweka kituo cha kijeshi katika bonde la La Trinidad, jirani na Kafagway, na hata hapo utawala wao haukufika mbali.

Mwaka 1898 Marekani ikapigana na Hispania, ikashinda, na kwa mkataba wa Paris ikalipa dola milioni 20 na kuchukua visiwa vyote. Wafilipino hawakuulizwa. Walikuwa tayari wametangaza uhuru wao, na vita kati yao na Wamarekani vikaanza mwaka uliofuata. Ndani ya vita hivyo, mwaka 1900, tume ya utawala ilituma watu wawili, Dean Worcester na Luke Wright, wapande milima ya Benguet kutafuta nini? Baridi.

Ndio, baridi. Madaktari wa enzi hizo waliamini joto la tropiki linamvunja mzungu mwili na akili. Ati damu inakuwa nyepesi, mishipa inachoka, mtu anaanza kusahau na kulia ovyo. Dawa yake ni milima. Waingereza walikuwa na Shimla nchini India, Wafaransa walikuwa wakijenga Dalat kule Vietnam, Wajerumani walipanda Usambara wakaita Lushoto kwa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Kwetu wazo hilohilo lilivaa suti nyingine: nyanda za juu zenye baridi zikaitwa nchi ya mzungu, na waliokuwa wakiishi hapo wakahesabiwa kama wageni. Nadharia ya madaktari imekufa zamani. Mipaka ya mashamba iliyochorwa kwa sababu yake bado iko hai.

Mkuu wa tume ile ya Ufilipino alikuwa William Howard Taft, mtu mkubwa, uzito wake ulipita kilo 130. Baada ya kupanda Benguet kwa farasi, alimtumia simu ya maandishi Waziri wa Vita, Elihu Root, kumwambia kwamba safari imemwendea vizuri. Root akajibu kwa kuuliza, na farasi je? Utani huo umesimuliwa zaidi ya miaka 100. Sijaona utani wowote kuhusu waliotengeneza njia.

Njia ndiyo ilikuwa shida. Ili viongozi wapande kupumzika, ilibidi barabara ipite kwenye korongo la mto Bued, mahali ambapo mawe huanguka bila hodi. Mhandisi wa kwanza alikadiria kazi ingegharimu dola 75,000. Ilianza mwaka 1901, ikala pesa, ikala watu, ikabadilishiwa wakubwa. Mwaka 1903 ikakabidhiwa Kanali Lyman Kennon, na mapema mwaka 1905 magari ya farasi yakafika juu. Hesabu zilipofungwa miaka michache baadaye, gharama ilikuwa imekaribia dola milioni 2. Waliochimba walitoka kila upande: Wafilipino wa nyanda za chini, Waigorot, Wachina, Wajapani kwa mamia, na hata Wamarekani waliokwama huko baada ya vita. Walikufa kwa malaria, kwa kipindupindu, kwa baruti, kwa maporomoko. Barabara leo inaitwa Kennon.

Na kila mvua kubwa ikija, inafungwa.

Barabara ikiwa bado haijaisha, tarehe 1 Juni 1903 tume ilitangaza Baguio kuwa mji mkuu wa msimu wa joto. Maana yake ni kwamba joto la Manila likianza, serikali inafunga mafaili, inapakia makarani, na kupanda mlimani kwa miezi kadhaa. Wanasiasa wa Kifilipino walilalamika kuhusu gharama. Nani alipe ili wakubwa wapigwe na upepo? Lakini mipango ikasonga. Desemba 1904 aliletwa Daniel Burnham, mchoraji wa miji kutoka Chicago. Alikaa Ufilipino wiki chache tu, na Baguio siku chache zaidi ya hapo kuhesabu ni kujisumbua. Akachora ramani ya mji wa watu kama 25,000, wenye bustani katikati, majumba ya serikali kwenye kilima kimoja, manispaa kwenye kilima cha pili, na barabara zikifuata mikunjo ya ardhi. Hakurudi tena. Tarehe 1 Septemba 1909 Baguio ikapewa hadhi ya jiji.

Sasa rudi kwa Cariño. Babu yake alikuwa amezungushia ua sehemu ya ardhi ile ili kuzuia ng'ombe. Baba yake alilima vipande na kulisha mifugo kwingine. Yeye akarithi kwa mila, na majirani walijua ni kwao. Katika miaka ya 1890 alijaribu kupata hati kutoka kwa Wahispania, hakupata. Mwaka 1901, chini ya Wamarekani, alijaribu tena na akaandikisha umiliki wake. Halafu mwaka 1903 serikali ikatenga eneo hilo kwa ajili ya kambi ya mapumziko ya wanajeshi, wakaipa jina la John Hay, waziri wao wa mambo ya nje. Mahakama ya usajili wa ardhi ilimkubalia Cariño mwaka 1904. Serikali ikakata rufaa, ikashinda. Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikakubaliana na serikali. Ndipo mawakili wake wakavuka bahari.

Hoja ya serikali ilikuwa rahisi na unaijua. Ardhi yote ilikuwa ya mfalme wa Hispania. Mwaka 1880 Hispania ilitoa amri kwamba kila mtu aje aandikishe shamba lake. Waigorot hawakuja. Basi ardhi ni ya umma, na umma sasa ni Marekani.

Mimi chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kunilazimisha kusoma hukumu za 1909. Hii niliisoma kwa simu, ni kurasa chache tu, na nakushauri uisome. Jaji Oliver Wendell Holmes hakukubali hoja ile. Alisema kwamba dai la Hispania lilikuwa la karatasini, wakati milimani haikuwa na nguvu yoyote ya kulitekeleza. Alikumbusha kuwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1902 ilikataza mtu kunyang'anywa mali bila utaratibu wa sheria, na akauliza, kwa maneno yake, kama kweli ulinzi huo ulikusudiwa kuwaacha nje wenyeji wa Benguet. Kisha akaweka kanuni: ikiwa ardhi imeshikiliwa kama mali ya mtu kwa muda wote ambao ushahidi au kumbukumbu inafika, basi ichukuliwe kwamba haijawahi kuwa ya umma hata siku moja.

Angalia uzito wa jambo hilo. Kumbukumbu ni ushahidi. Ua wa babu ni ushahidi. Mtu haombi serikali impe shamba, maana serikali haikuwahi kuwa nalo la kumpa. Siku tisa baada ya hukumu, Taft, yule yule wa farasi, aliapishwa kuwa Rais wa Marekani.

Linganisha na huku. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya Mwingereza iliweka ardhi ya Waafrika Kenya chini ya taji lake, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Wagikuyu waliokuwa wakigombania shamba lao ni wapangaji tu wa mfalme, wanaoweza kuondolewa akitaka. Miaka 12 kati ya hukumu hizo mbili, wakoloni wawili wanaozungumza lugha moja, majibu tofauti kabisa. Ungedhani Waibaloi walitoka salama kutuliko.

Wapi! Kambi ilikuwa imeshakaa. Ua ulikuwa umewekwa, misonobari imetunzwa, maafisa wana nyumba zao. Hukumu ilisema shamba ni la Cariño, lakini hakuna askari aliyehama. Waibaloi wengine nao wakaona malisho yao yakipimwa, yakikatwa ploti na kuuzwa kwa mnada kwa watu wa Manila. Ili kununua ploti ulihitaji pesa taslimu na ahadi ya kujenga. Watu waliokuwa na utajiri wa ng'ombe wakageuka majirani maskini wa mji wao wenyewe, au wakasogea pembeni.

Kambi hiyo ilikuja kuwa na bahati mbaya ya kihistoria. Asubuhi ya tarehe 8 Desemba 1941, saa chache baada ya Pearl Harbor, ndege za Japani ziliishambulia Camp John Hay, moja ya mabomu ya kwanza kuanguka Ufilipino. Wajapani waliobaki Baguio baada ya ujenzi wa barabara, wakiwa maseremala na wakulima wa mboga waliooa huko, ghafla wakawa watu wa upande wa adui, kisha upande wa watawala, kisha tena adui. Mwanzoni mwa 1945 mabomu ya Marekani yaliusambaratisha mji. Na tarehe 3 Septemba 1945, Jenerali Yamashita alitia saini ya kusalimu amri Ufilipino katika nyumba iliyo ndani ya kambi ile ile. Vita viliingia na kutoka kwa mlango mmoja.

Mji ukajengwa upya, na safari hii haukuwa wa wakubwa peke yao. Uchumi wake una miguu mingi. Wa kwanza ni dhahabu: tangu 1903 kampuni za uchimbaji zilitoboa milima ya Itogon, jirani tu, na miaka ya 1930 bei ya dhahabu ilipopanda Baguio ilikuwa mji wa pesa. Migodi mikubwa ilipopungua, wachimbaji wadogo walibaki kwenye mashimo. Septemba 2018 kimbunga Mangkhut kiliporomosha mlima juu ya makazi yao huko Itogon, kikaua makumi ya watu. Mguu wa pili ni mboga na stroberi kutoka La Trinidad. Wa tatu ni vyuo vikuu, vinavyoleta vijana kutoka kaskazini yote ya Luzon. Wa nne ni kiwanda cha vipuri vya elektroniki cha Texas Instruments, ambacho kiko huko tangu mwisho wa miaka ya 1970. Wa tano ni utalii, na kilele chake ni Panagbenga, sherehe ya maua ya kila Februari, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990.

Na kuna mguu wa sita, huu utaupenda: mitumba. Baguio inasifika nchi nzima kwa nguo za mtumba, wanaziita ukay-ukay, neno linalotokana na kuchakura. Kwa sababu ya baridi, makoti na masweta yana soko huko, na usiku barabara ya Harrison inageuka soko la watu kuinama na kuchagua. Mtu wa Gikomba akipelekwa pale macho yamefungwa, ataanza kuitisha bei.

Shida ni kwamba mji wa Burnham ulichorewa watu 25,000. Sensa ya 2020 ilihesabu 366,358, kwenye kilomita za mraba zisizofika 58, na hapo bado hujahesabu wageni wa wikendi. Nyumba zimepanda vilima hadi kileleni. Tarehe 16 Julai 1990, saa kumi na dakika 26 jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliitikisa Luzon na kuua zaidi ya watu 1,600. Baguio ndiyo iliyoumia vibaya zaidi. Hoteli ya Hyatt Terraces iliporomoka, barabara zote zikakatika, na mji ukakaa siku kadhaa ukingoja misaada ya ndege. Mwaka 2011 mvua za kimbunga zilisukuma jalala la Irisan likaangukia nyumba za watu, wengine wakafa. Mwaka 2012 wakazi waliandamana baridi ikiwapiga kupinga mpango wa kuondoa miti 182 kwenye kilima cha Luneta ili duka kubwa lipanuliwe. Watu waliojengewa mji kwa sababu ya misonobari sasa wanaihesabu mmoja mmoja.

Wamarekani waliondoka Camp John Hay mwaka 1991. Ungetarajia basi hapo ndipo hukumu ya 1909 ingepata kazi. Ardhi ilirudi, ndio, lakini kwa serikali ya Ufilipino, ambayo baadaye ilikodisha sehemu kubwa kwa wawekezaji wa hoteli na gofu. Halafu mwaka 1997 bunge la Ufilipino likapitisha sheria ya haki za jamii za asili, moja ya sheria zenye nguvu zaidi Asia. Ndani yake kuna hatimiliki ya asili, wazo lilelile la kesi ya Cariño. Sasa fungua kifungu cha 78. Kinasema jiji la Baguio litaendelea kuongozwa na sheria yake lenyewe, na ardhi zilizotengwa kwa ajili ya mji zibaki zilivyo. Yaani kanuni iliyozaliwa Baguio inawafaa watu wa milima mingine, lakini nyumbani kwao mlango umefungwa.

Tusiwacheke. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa tume yake kwamba Waendorois walitolewa Ziwa Bogoria kinyume cha haki, na kwamba warudishiwe ardhi yao. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek wa Mau, na mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia na ardhi ishughulikiwe. Kote huko kumbukumbu ilikubaliwa kama ushahidi. Na kote huko, baada ya picha za furaha nje ya korti, kilichofuata ni kungoja. Anayetakiwa kutekeleza hukumu ndiye aliyeshika shamba, na kila mwaka anaochelewa, kunajengwa kitu kingine juu yake ambacho kesho ataambiwa mwenye shamba kwamba hakiwezi kubomolewa.

Lakini Waibaloi hawajanyamaza. Katikati ya Baguio kuna bustani kubwa yenye ziwa la kuchimbwa, watalii wanapiga makasia humo, na inaitwa Burnham Park. Ndani yake Waibaloi wametengewa kona yao. Jiji pia limekubali tarehe 23 Februari kuwa siku yao, kwa sababu ndiyo tarehe ya hukumu. Basi kila mwaka, mwezi uleule ambao mji unajaa wageni waliokuja kuona maua, wazee kwa vijana wanakutana pale, wanapiga magongo, wanacheza kwa mduara, wanakula pamoja, na kutaja majina ya koo na vilima vilivyokuwa vyao. Mahakama ilisema ushahidi ni kumbukumbu. Wanaitunza.